Kura ya Aliye Mbali

Barazani kwetu Chemchem, hapa Tabora, mwezi wa Juni 1993, alikuwako mzee mmoja Mrundi, mkulima wa tumbaku wa Ulyankulu, aliyekuja mjini kwa shughuli zake na akaghairi kurudi kambini kwa ajili ya redio; betri zake alizianika juani tangu asubuhi zipate nguvu, na ilipowadia saa ya habari akainama mpaka kofia yake ikagusa spika. Alitoka kwao mwaka 1972, katika mauaji yale yaliyowamwaga maelfu ya Wahutu upande wetu wa mpaka, naye alitaka kujua neno moja tu: kama Melchior Ndadaye, ambaye mwenyewe alipata kuwa mkimbizi Rwanda, amemshinda Pierre Buyoya katika uchaguzi wa rais wa Burundi. Alipolisikia hakushangilia, alizima redio, betri zisije zikaisha bure.

Namkumbuka kila nisikiapo hoja ya kuwapa kura raia walio ughaibuni, kwa kuwa wanaoitetea hutanguliza fedha: wanatuma, wanajenga, wanasomesha, basi wasikilizwe. Hoja hiyo siiafiki. Katika mji huu huu, Januari 1958, TANU ilikaa kujadili kama iingie katika uchaguzi ambao serikali ya kikoloni ilimlazimisha kila mpiga kura kuchagua watu watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu, tena baada ya kumpima kwa elimu yake, cheo chake, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka. Mwalimu Nyerere aliwashawishi wajumbe waingie, na historia ikauita Uamuzi wa Busara. Lakini kukikubali kipimo kile kwa muda hakukuwa kukihalalisha, na tukimpa mtu kura kwa sababu ya fedha azitumazo tutakuwa tumekirudisha kwa mlango wa uani, na kibarua wa Muscat asiye na cha kutuma atabaki nje.

Wapinzani nao hudai kwamba aliye mbali hayamfiki matokeo. Laiti wangalimwona mzee yule baada ya tarehe 21 Oktoba mwaka ule, Ndadaye alipouawa, akiufungua mzigo aliokwisha kuufunga wa safari ya kwao, sufuria moja baada ya nyingine! Kura, kwa rai yangu, ni haki ya raia ambaye matokeo ndiyo yatakayoamua kama atarejea au hatarejea, awe na senti au asiwe nayo.

Kenya imethubutu, chini ya Katiba yake ya 2010. Mwaka 2022 waliandikishwa wapiga kura 10,443 katika nchi 12, kwa kura ya rais peke yake. Uchache huo haunitishi. Mkenya aliyeko Dar es Salaam humchagua rais wake, hali Mtanzania aliyeko Nairobi hawezi, maana sheria yetu yamtaka ajiandikishe na kupiga kura ndani ya nchi. Na tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi wetu, intaneti ilipozimwa, hata kutazama kulimkatikia.

Mwaka 2014 serikali yetu iliwapa uraia Warundi wa 1972 wapatao 162,000, na mzee akawa miongoni mwao. Oktoba 2015 alipiga kura Ulyankulu, akaja Chemchem kunionyesha kidole chenye wino. Nilimpongeza, akaitika, kisha akaniuliza kama nimesikia lolote la Bujumbura.