MAKATO HAYABAGUI, MATIBABU YANABAGUA



Mfupa uliovunjika daktari huuona kwa picha. Akili ikiugua haina picha. Hujulikana kwa maneno ya mgonjwa. Basi Mrendile au Mturkana asiyejua vema Kiswahili wala Kiingereza ajieleze vipi? Huitwa mfagiaji, au mtoto wake, atafsiri. Ni mzazi gani atataja mawazo ya kujiua kwa kinywa cha mwanawe?

Wenye kiburi husema huo si ugonjwa, ni ushamba. Dharau hiyo ni ya zamani. Mwaka 1953 Daktari J. C. Carothers, aliyewahi kuongoza hospitali ya Mathari, alimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa ubongo. Leo tusiwatendee ndugu zetu wa makabila madogo vivyo hivyo.

Tunadai hospitali ziajiri wakalimani waliofundishwa, wenye mshahara na kiapo cha siri. Wala mwajiri asimtume nyapara kutafsiri: siri ikifika ofisini, kazi imekwisha.

Tangu Oktoba 2024 mishahara yetu hukatwa asilimia 2.75 kwa bima ya afya. Karani wa makato haulizi kabila. Kwa nini matibabu yaulize?

Umoja ni nguvu.