Nani Ameruhusu Kufuta?

DATA NA DHAMANA, na Zuhura Mwinjuma

Diski ikijaa usiku, fundi wa zamu hutafuta kilichomaliza nafasi. Mara nyingi hukuta folda yenye maelfu ya mafaili, kila moja MB 16, majina yake hayasomeki, na hakuna anayekumbuka mara ya mwisho yalitumika lini. Simu inaita, mkuu anataka mfumo urudi hewani. Fundi anafuta, mfumo unarudi, anapongezwa. Nasema hapo ofisi imepoteza kinga yake, na wa kuulizwa ni uongozi uliomwachia uamuzi huo peke yake saa nane za usiku.

Mafaili hayo ni kumbukumbu za miamala. Kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, ambayo ndiyo nitakayoitolea mfano zaidi, ukihamisha shilingi 50,000 kutoka akiba kwenda kulipa mkopo, habari ya badiliko hilo huandikwa kwanza kwenye kumbukumbu, ndipo unaambiwa muamala umefanikiwa. Majedwali yenyewe husasishwa diskini baadaye. Faili likijaa hufunguliwa jingine, na lile lililojaa hunakiliwa kwenye ghala, kama ofisi imepanga hivyo. Seva pacha nayo hupokea mfululizo huohuo na kurudia kila kitendo kama kilivyofanyika kwenye seva mama.

Tazama jina moja: 00000001000000A30000004F. Ni tarakimu 24, na kwa asiyejua ni takataka. Kumbe ni namba ya foleni: linalofuata linaishia na 50, kisha 51. Ukiwa na nakala kamili ya Jumapili pamoja na mafaili yote yaliyofuata, unaweza kuirudisha hifadhidata jinsi ilivyokuwa Jumatano mchana, dakika moja kabla mtu hajafuta jedwali la wateja kwa bahati mbaya. Lakini likikosekana hilo la 4F tu, urejeshaji unasimama palepale. Yaliyobaki, hata yawe mazima na yawe elfu, hayaisaidii tena nakala ile ya Jumapili. Ni daftari la kikoba lililonyofolewa ukurasa wa katikati: kurasa za mbele zipo, ila salio lake halina mahali pa kuanzia.

Wapo watakaosema, tuna seva pacha, ghala la nini? Pacha huiga vyote, makosa yakiwemo. Amri mbaya ya kufuta ikipita kwa mama, kwa kawaida kwa pacha inafika ndani ya sekunde.

Kisa cha kampuni ya GitLab kinapaswa kusomwa na kila mkurugenzi. Tarehe 31 Januari 2017 seva yao kuu ilielemewa na mzigo, seva pacha ikabaki nyuma. Ilipotaka kuendelea, kumbukumbu ilizozihitaji zilikuwa zimeshaondolewa kwenye seva kuu, na kampuni haikuwa ikizihifadhi ghalani. Ikabidi pacha ijengwe upya kwa mkono. Usiku, kazi ikiwa imegoma, mhandisi akaamua kufuta folda ya data kwenye pacha ili aanze upya, kumbe yuko kwenye seva kuu. Alisitisha amri baada ya sekunde moja au mbili. Kati ya GB 300 hivi, zilibaki 4.5.

Walipokimbilia nakala rudufu, ghala la nakala hizo lilikuwa tupu. Programu ya kuzitengeneza ilikuwa toleo la 9.2 na hifadhidata toleo la 9.6, kwa hiyo kazi ilikuwa ikishindwa, na barua pepe za kuonya zilikuwa zikikataliwa njiani. Kilichowaokoa ni taswira ya diski ambayo mhandisi aliichukua takriban saa 6 kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Kilichoandikwa kwenye hifadhidata baada ya hapo kilipotea. Ghala la kumbukumbu lingekuwepo, pacha ingejichotea humo mafaili yaliyoipita, na usiku ule kusingekuwa na sababu ya mtu kufuta chochote.

Sidai kwamba tutunze kila kitu milele. Diski ni fedha. Na kulimbikiza nako kunaua. PostgreSQL inaweza kuishikia pacha mafaili yake mpaka iyachukue, lakini pacha ikifa ikasahaulika, yanarundikana kwa mama hadi diski inajaa na hifadhidata inajizima. Tangu toleo la 13, la mwaka 2020, unaweza kuweka kikomo, ila usipokiweka wewe hakipo. Hifadhidata ya MySQL 8.0 usipoigusa hufuta mafaili yake kwa kuhesabu siku 30. Pacha iliyozimwa mwezi na nusu itarudi ikute njia imekatika. Oracle imekaribia ninachokitaka: unaweza kuiagiza isilihesabu faili kuwa la kufutwa mpaka seva pacha zote ziwe zimelitekeleza.

Kanuni hiyo iandikwe, isainiwe, na iongezewe nusu ya pili: faili lisifutwe mpaka iwepo nakala kamili iliyopigwa baada yake, na nakala hiyo iwe imerejeshwa kwenye seva ya majaribio ikafunguka. Ofisi nyingi zina nakala ambazo hazijawahi kurejeshwa hata mara moja, na bado zinaandika kwenye taarifa za bodi kwamba data iko salama. Mkaguzi akifika aombe kuoneshwa tarehe ya urejeshaji wa mwisho, nani aliufanya na ulichukua muda gani. Diski ya ghala nayo iingie kwenye bajeti mwanzoni mwa mwaka, maana ikisubiriwa ijae, fundi atabanwa tena achague kati ya hasira za mkuu na akiba za wateja.

GitLab waliueleza umma kisa chote, na wakaorodhesha kazi za kufanya. Mojawapo ilikuwa kumteua mtu mwenye dhamana ya kuhakikisha data haipotei. Ofisini kwako, mtu huyo anaitwa nani?