Mkazo Katika Herufi za Uhai: Nani Asema Kiswahili Hakiwezi?

Yapo madai yaliyozoeleka katika kumbi zetu za mihadhara kwamba Kiswahili ni lugha ya ushairi na tamthilia, ilhali sayansi, hususan ile ya ndani ya seli, ina wenyewe. La kusikitisha ni kuwa sisi wanafunzi wa Kiswahili huyaitikia madai hayo kwa kusema, "Istilahi hatuna." Kwa maoni yangu, upungufu wetu si wa istilahi bali wa maelezo. Nitatoa mfano mmoja tu: jinsi protini zinavyoitambua DNA iliyotiwa alama ya kikemia.

Tuanzie nyumbani. Kila aliyesoma fonolojia ya Kiswahili anajua habari ya neno "barabara". Mkazo ukiwekwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, tunapata njia kuu ipitayo magari. Ukirudishwa hadi silabi ya tatu kutoka mwisho, tunapata maana ya "sawasawa". Herufi hazikubadilika hata moja, lakini maana imebadilika.

DNA nayo ina herufi zake nne, yaani besi: adenini, timini, guanini na sitosini. Katika miili ya mamalia, sitosini inayofuatwa na guanini mara nyingi hubandikwa kundi la methili, ambalo ni atomu moja ya kaboni na tatu za haidrojeni. Herufi inabaki ile ile na bado inashikana na mwenzake wa upande wa pili. Kilichoongezeka ni mkazo. Penye mikazo mingi mwanzoni mwa jeni, aghalabu jeni hiyo hunyamaza.

Mkazo, hata hivyo, haufai kitu bila msomaji. Mwaka 1992, maabara ya Adrian Bird huko Edinburgh, Uskoti, ilitangaza protini iitwayo MeCP2, ambayo huishika DNA penye methili. Huishikaje? Mtu angedhani kwamba protini huigusa methili yenyewe. Uchunguzi wa fuwele kwa eksirei uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha jambo la ajabu zaidi: kwa kiasi kikubwa, protini huitambua methili kupitia molekuli za maji zilizojipanga kando yake, huku arginini mbili zikinyoosha mikono kuzishika guanini jirani. Protini nyingine, UHRF1, huipindua sitosini yenye methili ikatoka nje ya ngazi ya DNA, kisha ikaipokea katika tundu lake. CTCF nayo hufanya kinyume: mahali pake pakitiwa methili, hushindwa kupashika. Alama ni moja, wasomaji ni watatu, na kila mmoja ana usomaji wake.

Huenda msomaji akauliza, haya yatatufaa nini? Mwaka 1999, Huda Zoghbi na wenzake huko Houston, Marekani, waligundua kuwa kasoro katika jeni ya MeCP2 husababisha ugonjwa wa Rett, ambao humpata takriban msichana mmoja kati ya 10,000. Mtoto hukua vyema mwanzoni. Kisha, aghalabu kati ya miezi 6 na 18, huanza kurudi nyuma: hupoteza maneno aliyokwisha kujifunza na uwezo wa kutumia mikono yake. Kwa baadhi ya wagonjwa, arginini ya 133, mmojawapo wa ile mikono miwili, imegeuka kuwa sisteini. Methili zipo mahali pake. Msomaji ndiye asiyeweza tena kuushika mkazo sawasawa. Mwaka 2007, maabara ya Bird ilionyesha kuwa panya waliorudishiwa jeni hiyo walipata nafuu kubwa. Je, mama Mkenya mwenye mtoto kama huyo aambiwe tu kwamba ni "ugonjwa wa ubongo", eti kwa sababu mengine hayasemeki kwa Kiswahili?

Wapo watakaosema kwamba mfano wa mkazo una mipaka, na kwamba maneno "protini" na "methili" ni ya kukopa. Nakubali yote mawili. Methili si sauti, wala athari yake si moja kila mahali. Lakini hata Kiingereza kinayatumia maneno hayo yenye mizizi ya Kigiriki, wala hakikuitwa lugha maskini. Kukopa neno si aibu; aibu ni kulikopa na kuliacha bila maelezo.

Napendekeza basi kwamba kila mwanafunzi anayeandika tasnifu kuhusu istilahi asiishie kwenye orodha. Aandike pia kurasa mbili za maelezo, amsomee mtu asiye mwanasayansi, kisha amwombe ayarudie kwa maneno yake mwenyewe. Akishindwa, kosa si la msikilizaji wala la Kiswahili. Ni letu, nasi turudi tukaandike upya. Mtoto amekwisha kupoteza maneno yake. Mama yake naye asikose maneno ya kuelewa kilichompata mwanawe.