Kuku wa Askari Wakati wa Mvua

Mvua za Juba huanza kushika mwezi wa Aprili, na haziachi mpaka Oktoba au Novemba. Katika miezi hiyo, mtu apitaye katika makao ya askari hukuta jambo lile lile kila mwaka: mabanda ya kuku yamefunikwa kwa maturubai juu na pande zote, na nyuma ya mabanda hayo wamefukiwa kuku waliokufa. Akiuliza sababu, huambiwa kwamba kuku wameuawa na baridi.

Twapenda kusema wazi kwamba jibu hilo si sahihi, na maadamu askari wetu wataendelea kuliamini, wataendelea kuzika kuku ambao wangaliweza kuwalisha watoto wao.

Juba haina baridi ya kuua kuku. Wenye majira ya baridi ni watu wa nchi zilizo mbali na Ikweta. Huko London, mwezi wa Desemba, mwanga wa mchana ni wa karibu saa 8 tu, na mtetea anayekosa mwanga hupunguza kutaga au huacha kabisa. Juba iko karibu digrii 5 tu kaskazini ya Ikweta. Mchana na usiku wake hukaribia kuwa sawa mwaka mzima. Kuku aliyekomaa ana joto la mwili la sentigredi 41 hivi, na Mwenyezi Mungu amemvika manyoya. Usiku wa mvua wa Juba haumpi taabu, ikiwa tu ni mkavu.

Hapo ndipo penye neno lenyewe. Kuku haui baridi. Kuku huuawa na unyevu, na hewa chafu, na maradhi yasiyokingwa. Banda lililozibwa pande zote kwa turubai huzuia upepo usipite. Mavi yaliyolowa hutoa harufu kali inayowasha macho na kuunguza mapafu ya kuku, na mfugaji aliyedhani anawahifadhi kumbe anawasonga roho. Banda jema huinuliwa kutoka ardhini au hujengwa juu ya tuta, likachimbiwa mfereji wa kuondoa maji. Paa lake hutokeza nje ili mvua isipige ndani. Upande unaopigwa na mvua huzibwa, na upande wa pili huachwa wazi kwa wavu au fito, juu ya vichwa vya kuku. Chini hutandazwa maranda ya mbao au pumba kavu, na zikilowa huondolewa siku ile ile. Mita moja ya mraba isipewe kuku zaidi ya 5 au 6.

Wahenga walisema kwamba kuku wa mkata hatagi, akitaga haangui, akiangua halei, na akilea huchukuliwa na mwewe. Wako wanaoutaja msemo huu kama hukumu isiyokatiwa rufani. Sisi twauona kuwa ni orodha ya mambo manne, na kila moja lina dawa yake.

Hatagi, kwa kuwa hajashiba. Wakati wa mvua kuku hukosa mahali pakavu pa kuchakura. Basi apewe pumba za mahindi au mtama uliovunjwa, mashudu ya simsim, majani mabichi, na mchwa, ambao nchi yetu haina upungufu nao. Maganda ya mayai yaliyokaushwa na kusagwa yatamrudishia nguvu ya kutengeneza ganda.

Haangui, kwa kuwa kiota kimelowa, au mtetea anasumbuliwa kila saa. Kuatamia ni kazi ya siku 21. Mayai 10 hadi 12 yamtosha mtetea mmoja wa kienyeji, na kiota chake kiwe mahali pakavu penye kivuli na utulivu.

Halei, kwa kuwa kifaranga si kuku mzima. Yeye ndiye pekee mwenye haki ya kuogopa baridi, maana hana manyoya. Katika wiki zake za kwanza ni lazima awe chini ya mbawa za mama yake au karibu na kitu chenye joto. Tena sakafu mbichi huzaa ugonjwa wa kuhara damu, ambao huweza kumaliza vifaranga wote wa banda kwa siku chache.

Ama mwewe, yuko yule wa angani, na watoto wa kambini wanajua kumfukuza. Lakini mwewe mkubwa kuliko wote haonekani. Huyo ni ugonjwa wa mdondo, ambao wataalamu huuita Newcastle kwa jina la mji wa Uingereza ulikozuka mwaka 1926. Ukiingia katika kambi ambayo kuku wake hawakuchanjwa, waweza kuua karibu wote. Hauna tiba, bali una kinga. Iko chanjo iitwayo I-2, ambayo huvumilia joto kuliko chanjo nyingi. Kuku hutiwa tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi 3 au 4. Hupewa kuku mzima, asiyeugua bado. Kwa hiyo msimwite mganga wa mifugo siku ambayo kuku wameanza kupinda shingo, mwiteni kabla. Na kuku mgeni aliyenunuliwa sokoni atengwe wiki 2 kabla ya kuchanganywa na wenziwe. Mzoga ufukiwe au uchomwe. Usitupwe mtoni, wala kuku mgonjwa asipelekwe sokoni kwa siri, kwani huko ni kumpelekea jirani msiba.

Mvua zikiisha, adui hubadilika. Mwezi wa Machi mwaka 2024, Serikali ililazimika kufunga shule kwa ajili ya joto lililotazamiwa kupita sentigredi 40. Joto linalowashinda watoto darasani huwashinda na kuku. Wakati huo turubai litumike kuwa kivuli tu, na maji safi yasikauke chomboni.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini tunawasemesha watu wa bunduki habari za kuku? Jibu letu ni kwamba jambo hili lagusa heshima ya sare.

Mapema mwaka 2024 bomba la mafuta lilipopasuka katika nchi ya Sudan iliyomo vitani, mapato ya Taifa yalianguka, na watumishi wa umma, askari wakiwamo, walikaa miezi mingi bila ya mshahara. Kila nyumba ya askari yakumbuka ilivyokuwa. Zaidi ya hayo, mayai mengi yaliwayo Juba hutoka Uganda, yakisafiri kilomita 192 za barabara ya lami toka Nimule. Mji unaongojea lori la mayai kutoka ng'ambo ya mpaka ni mji ambao chakula chake ki mikononi mwa wengine. Watetea 10 uani hawashiki mahali pa mshahara, wala sisi hatusemi kwamba askari asidai haki yake. Lakini nyumba yenye watetea 10 haikosi mboga, wala mtoto mgonjwa hakosi yai.

Liko na jambo zito zaidi. Twajua sote, na haifai kulificha, kwamba wako wenzetu ambao njaa iliwatuma katika ua wa raia. Askari aliyemkamata kuku wa mama mjane kijijini, na polisi aliyemtoza msafiri jogoo kwenye kizuizi cha njiani, wote wawili wamefanya kazi ya mwewe. Katika vita vya msituni vya mwaka 1981 hadi 1986 nchini Uganda, jeshi la NRA lilijiwekea kanuni zilizomkataza mpiganaji kutwaa kitu cha raia, hata kama ni ndizi au muwa tu. Waliotunga kanuni hizo walifahamu kwamba raia humpima askari kwa vitu vidogo. Mama aliyenyang'anywa kuku wake mmoja hatasikiliza hotuba yoyote juu ya jeshi la wananchi. Njaa yaweza kueleza kosa hilo, lakini haiwezi kulihalalisha.

Kwa hiyo twatoa rai. Wakuu wa vikosi watenge sehemu ya ardhi ya kambi, japo ndogo, kwa mabanda ya familia, na wapange siku ya chanjo kwa kambi nzima kwa pamoja, maana ua mmoja usiochanjwa huhatarisha ua zote. Askari anapohamishwa, banda lisibomolewe. Akabidhiwe anayeingia, kwa mapatano yaliyo wazi. Na ninyi ndugu askari, kumbukeni kwamba walezi wa kuku hawa ni akina mama wa kambini. Ninyi jengeni banda na kuchimba mfereji. Fedha ya mayai iwe mikononi mwa yule aliyeamka alfajiri kuwafungulia kuku.

Mvua za Aprili hazimngojei mtu. Paa litengenezwe Machi, mfereji uchimbwe Machi, chanjo itolewe Machi. Atakayefanya hivyo, kuku wake watataga, wataangua na watalea; na raia jirani atalala bila ya kuhesabu kuku wake kila apitapo mtu mwenye sare.