Mnadi wa Televisheni na Ulimi wa Mtazamaji

Mtu atiaye bidhaa sokoni hutia na maneno. Bidhaa hupimwa kwa mizani, na maneno hupimwa kwa masikio ya watu. Aletaye vyote viwili mbele ya umma amekwisha kukubali kwamba umma utapima vyote viwili. Hii ni kanuni ya kila soko, tangu Kongowea hata Gikomba: mwuzaji asifuye maembe yake kwa sauti kuu hawezi kumkataza mnunuzi aliyeuziwa yaliyooza kurudi na kusema, kwa sauti iyo hiyo, kwamba yalikuwa yameoza.

Swali letu ni kama kanuni hiyo yafaa kwa mnadi wa televisheni. Je, watazamaji wamlaumu hadharani au wanyamaze? Wako wasemao kwamba kunyamaza ndio uungwana. Mimi nasema walaumu. Lakini nasema vile vile kwamba wengi wa walaumuo leo hawajui kulaumu, na matusi yao humfaa mnadi mwongo kuliko sifa za rafiki zake.

Biashara hii ilizaliwa Marekani. Mwaka 1977, katika mji wa Clearwater, jimbo la Florida, kituo kimoja cha redio kilimdai mfanyabiashara fedha za matangazo. Mdaiwa hakuwa na fedha, akalipa kwa vifungulio vya makopo, idadi yake 112. Mtangazaji akaambiwa avinadi hewani, na vyote vikanunuliwa. Mwaka 1982 mnada huo ukahamia televisheni ya mahali pale, na mwaka 1985 ukaenea nchi nzima. Mwaka 1984 serikali ilikuwa imeondoa mipaka ya muda ambao televisheni yaweza kuutoa kwa matangazo ya biashara, basi mlango ulikuwa wazi. Mwaka 1986 kikaanzishwa kituo cha QVC huko West Chester, jimbo la Pennsylvania. Hivyo vilitokea vituo vizima ambavyo kazi yake ni kuuza mchana na usiku. Mtindo huo umefika kwetu pia. Kenya ilikamilisha kuhamia matangazo ya dijitali mwaka 2015, vituo vikawa vingi, na baadhi yao huuza muda wao kwa wenye sufuria, wenye dawa na wenye viwanja, huku nambari ya simu ikiandikwa sehemu ya chini ya kioo.

Mnadi wa vituo hivyo si kama msoma habari. Msoma habari huketi mbali na mtazamaji. Mnadi huingia sebuleni. Husimulia habari za jikoni kwake na za watoto wake, hucheka, hustaajabu, mpaka mtazamaji aliye peke yake nyumbani humdhania kuwa jirani. Sikioni amevaa chombo kidogo ambacho kwacho msimamizi humnong'oneza, na karibu naye iko hesabu ya mauzo ipandayo na kushuka. Kioo chaonyesha saa inayokwisha na bidhaa zinazopungua, ili mtazamaji asipate nafasi ya kufikiri. Kisha mnunuzi mmoja apiga simu, na sauti yake yasikika nchi nzima akishukuru. Lakini sauti hiyo haikupita bure. Kabla ya kufika hewani imepokewa na mfanyakazi na kuchujwa. Mwenye shukrani hupitishwa. Mwenye malalamiko huelekezwa ofisini.

Tazama basi mizani hii ilivyolala upande mmoja: sifa hupewa kipaza sauti, lawama hupewa bahasha. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya kuruhusu lawama ya hadharani. Jambo lililosifiwa mbele ya watu haliwezi kukosolewa kwa haki nyuma ya mlango.

Wapinzani wa rai hii wana hoja tatu. Ya kwanza yasema: kama hupendi, zima. Ni kweli kwamba kidole kimoja chatosha kuzima televisheni. Lakini kuzima huokoa mfuko wa aliyezima peke yake. Mtu aonaye daraja bovu akageuka na kurudi kwake ameokoka. Yule abakiye njiani kuwaonya wapitao ndiye jirani. Anayejua kwamba dawa iliyonadiwa haikumponya, naye akazima na kulala, amemwachia mgonjwa mwingine ajifunze kwa fedha zake na kwa maumivu yake.

Hoja ya pili yasema: andika barua ya siri kwa mwenye kituo, au ushitaki serikalini. Barua ni njema, na serikali ni kimbilio. Lakini mambo ya Marekani yatufunza jinsi sheria iendavyo polepole. Mwaka 2000 QVC ilipewa amri ya Tume ya Biashara ya Shirikisho isitoe madai yasiyo na ushahidi juu ya virutubisho vya mwili. Mwaka 2004 ilishitakiwa kwamba imevunja amri ile kwa madai juu ya vidonge vya kupunguza uzito na vitu vingine vya namna hiyo. Suluhu ilipatikana mwaka 2009: kampuni ikakubali kulipa dola milioni 6 za kurudishiwa wanunuzi, na dola milioni 1.5 kuwa adhabu. Haki ilifika, lakini ilifika baada ya miaka 5. Katika miaka hiyo mwenye kutaka kujua ukweli alikuwa na kimbilio gani la karibu kuliko neno la mnunuzi mwenzake? Sheria ina nguvu na haina mbio; ulimi wa watu una mbio. Havishindani. Kimoja hutangulia na kingine hukamilisha.

Hoja ya tatu ndiyo nzito: mnadi ni mwajiriwa, asema alilopewa, naye ana watoto wa kulisha. Nakubali kwamba mwenye kampuni ana dhambi kubwa zaidi. Lakini mnadi hakukodisha mikono yake tu. Amekodisha uaminifu wake. Asemapo, “Mimi mwenyewe natumia kitu hiki kila siku,” hasemi neno la kampuni. Atoa ushahidi wa nafsi yake. Aliyekodisha uaminifu wake hana budi kuvumilia uulizwe. Kama ni kweli autumia, swali halitamdhuru. Kama si kweli, mshahara haumgeuzi kuwa mkweli.

Hapo ndipo nigeukapo upande wa pili, kwa kuwa ubaya wa upande huo si mdogo. Sikiliza watazamaji wanapomjadili mnadi, hasa akiwa mwanamke. Huyu asema amenenepa, yule asema amekonda. Mmoja acheka nywele, wa pili acheka meno, wa tatu auliza kwa nini bado hajaolewa. Mwisho wa mazungumzo hakuna ajuaye kama sufuria iliyouzwa yafaa au haifai. Watu mia wamesema, na mnunuzi hakupata hata neno moja la kumwongoza.

Huo ni ukatili, tena ni upumbavu. Ni ukatili kwa sababu mwili haukutiwa mnadani. Kilichotiwa bei ni sufuria. Ni upumbavu kwa sababu matusi humpa mwongo vazi la mdhulumiwa. Mnadi aliyetia chumvi katika sifa za dawa, akitukanwa unene wake, hataulizwa tena juu ya dawa. Watu wema watamhurumia, na kwa haki, na uongo wake utatoka sokoni umejificha nyuma ya huruma hiyo. Kwa hiyo mtukanaji ambaye hujiona adui wa mnadi ni mtumishi wake asiyelipwa.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeliweka jambo hili vizuri. Kifungu cha 46 champa mtumiaji haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa pamoja na maelezo ya kumwezesha kufaidika nazo, nacho chadai sheria ya kuhakikisha matangazo yawe ya haki, ya kweli na ya adabu. Kifungu cha 33 chalinda uhuru wa kusema, lakini palepale chamtaka msemaji aheshimu haki na sifa za wengine. Kifungu cha 28 chasema kila mtu ana heshima ya utu wake. Hivi havigongani. Mnunuzi ana haki ya kusema kwamba bidhaa haikuwa kama ilivyonadiwa. Hana haki ya kumvua mtu utu wake kwa sababu ya sufuria.

Mpaka wa lawama ya haki, basi, si vigumu kuuona. Mwalimu asahihishapo insha huandika kosa pembeni mwa mstari wenye kosa; haandiki juu ya pua ya mwanafunzi. Mlaumu naye na afanye hivyo. Akisema, “Mnadi alituambia sufuria hii haishiki chakula, yangu imeanza kushika katika wiki ya 2,” amesema neno lililosikika, jambo lililotokea na wakati wake, kila mtu aweza kulipima. Akisema kwamba mnadi humkatiza mgeni aelezapo hasara za bidhaa, bado yumo katika haki, maana hiyo ni kazi yake. Akivuka hapo na kuingia katika sura, umri, ndoa au dini, amekwisha toka sokoni na kuingia nyumbani kwa mtu bila hodi. Tena mlaumu aseme kwa jina lake, na awe tayari kujirekebisha akionyeshwa kwamba amekosea, kwa kuwa anayedai ukweli wa mwenzake hudaiwa wake.

Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi kibaya hakitembei tena kwa miguu. Huruka hewani na kubisha katika nyumba elfu kwa dakika moja, kikisemewa na ulimi mtamu. Dhidi ya ulimi huo mnyonge hana jeshi wala wakili. Ana ulimi wake mwenyewe, na ulimi huo utamlinda maadamu ni safi. Vijana msomao kurasa hizi mtakuwa wanunuzi, na baadhi yenu mtakuwa wanadi. Mkiwa wanadi, semeni lile ambalo mngekubali kuulizwa mbele ya watu. Mkiwa wanunuzi, ulizeni mbele ya watu, na mwulize juu ya bidhaa.