Tembea Uone, Lakini Uone Nini? Msafiri wa Pekee na Makumbusho katika Miji ya Mlima Kenya

Waswahili husema, tembea uone. Methali hii hurudiwa sana madarasani kana kwamba kutembea pekee kwatosha, na macho yatajifanyia kazi iliyobaki. Makala haya yanadai kwamba sivyo. Anachokiona mtembezi, hasa yule anayetembea peke yake akiwa na nauli tu mfukoni, huamuliwa na mambo mawili: kile kilichowekewa alama, na kile kisicholipiwa. Katika miji inayouzunguka Mlima Kenya, na hasa Nyeri, mambo haya mawili yameungana kwa namna inayofaa kumtia wasiwasi kila mpenzi wa historia na fasihi.

Yafaa kueleza kwanza ni msafiri yupi anayezungumziwa. Si mtalii aliyelipia kila kitu kabla ya kuondoka kwao, wala si kundi la wanafunzi wa shule lililoletwa kwa basi na mwalimu wake. Ni kijana mmoja. Leo mlima umezungukwa na vyuo vikuu vya umma: Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kiko Nyeri, na vingine viko Karatina, Kirinyaga, Embu, Chuka na Meru. Jumamosi asubuhi mmoja wa vijana hawa aweza kupanda matatu, akashuka Nyeri, akauzunguka mji kwa miguu, na kurudi chumbani jioni akiwa ametumia nauli na bei ya chai na maandazi. Safari ya namna hii ina faida ambayo ziara ya kundi haina. Anayetembea peke yake husimama apendapo, humwuliza mwenyeji swali bila haya, na husoma maandishi ya jiwe mpaka mwisho bila kuitwa kwamba basi linaondoka.

Uhuru huu wa kutembea bila kuulizwa "unakwenda wapi?" haukuwako daima. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni ilimlazimisha mwanamume Mwafrika kuchukua kipande popote aendapo. Hali ya hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, mambo yalizidi kuwa magumu kwa Wagikuyu, Waembu na Wameru. Kuanzia mwaka wa 1954 zaidi ya watu milioni moja walihamishwa na kurundikwa katika vijiji vilivyolindwa kwa silaha. Kutoka nje saa zilizokatazwa kuliweza kumgharimu mtu maisha. Hata baada ya uhuru, sheria dhidi ya wazururaji iliendelea kuwamo katika vitabu vya sheria vya Kenya, ikafutwa mwaka wa 1997. Kwa hiyo, kijana anayezunguka Nyeri leo bila shughuli maalumu anaitumia haki iliyopiganiwa katika milima ileile anayoiona mbele yake. Ni kweli vilevile kwamba haki hiyo haijawafikia wote kwa usawa. Msichana anayetembea peke yake bado huulizwa maswali ambayo kaka yake haulizwi, na hulazimika kupanga kurudi kabla ya giza. Hili ni dai jingine linalohitaji makala yake, lakini haifai kulipita kimya.

Sasa tumfuate msafiri huyu mjini. Atakutana na nini bila kiongozi na bila kulipa? Katika makaburi ya Kanisa la Mtakatifu Petro amelala Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyefariki Nyeri tarehe 8 Januari 1941. Jiwe lake lina duara lenye nukta katikati, ishara ya skauti ya mtu aliyekwisha kurudi nyumbani. Katika makaburi hayohayo yumo Jim Corbett, mwindaji na mwandishi kutoka India, aliyefariki mwaka wa 1955. Wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, waliishi katika nyumba ndogo iitwayo Paxtu katika uwanja wa Hoteli ya Outspan. Liko pia kanisa la ukumbusho la Waitaliano, ambamo imehifadhiwa mifupa ya askari wao waliokufa katika Vita vya Pili vya Dunia, pamoja na mwili wa Amedeo, Mtemi wa Aosta, aliyefariki Nairobi mwaka wa 1942 akiwa mateka wa Waingereza. Aidha, yako makaburi ya vita yanayotunzwa na tume ya Jumuiya ya Madola, yenye nyasi zilizokatwa na mawe yaliyopangwa kwa safu. Hapo mtu huingia bila tiketi.

Hakuna ubaya wowote katika kuwatunza wafu hawa. Mfu ana haki ya jina lake. Tatizo ni kwamba msafiri wetu, akirudi jioni, atakuwa amejifunza habari za Mwingereza, za mwindaji wa chui na za mtemi wa Italia, kwa sababu hao ndio wenye mawe, majina na tarehe. Dedan Kimathi, ambaye alizaliwa katika wilaya hii, akakamatwa hapa tarehe 21 Oktoba 1956 na kushtakiwa papa hapa Nyeri mwezi wa Novemba mwaka huo, alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957 na kuzikwa katika kaburi lisilo na alama. Upo mnara mjini unaowakumbuka waliokufa wakipigania uhuru, na ni jambo jema. Lakini mnara hauna kinywa. Humwambia mpita njia kwamba watu walikufa. Haumwambii walikula nini msituni, ni nani aliyewapelekea chakula, wala kwa nini ndugu wengine walisimama upande wa pili.

Masimulizi ya namna hiyo hutafutwa katika makumbusho. Makumbusho ya Nyeri yako Ruring'u, kilomita chache kutoka katikati ya mji, katika jengo lililojengwa miaka ya 1920 kuwa mahakama ya Waafrika. Jengo lenyewe ni somo: hapo ndipo mkoloni alipowaweka wazee wawahukumu wenzao kwa mila zilizokubaliwa na serikali yake. Uwanja wa Ruring'u nao ndio ambao, mnamo Desemba 1963, siku chache baada ya uhuru, wapiganaji walitoka msituni na kusalimisha silaha zao. Hali kadhalika, Makumbusho ya Meru, yaliyofunguliwa mwaka wa 1974, yamo katika jengo lililokuwa ofisi ya mkuu wa wilaya. Nyumba za amri zimegeuzwa kuwa nyumba za kumbukumbu, na huu ni ushindi. Hata hivyo, mlangoni kuna kiingilio.

Wengine watasema kiingilio cha raia ni kidogo, tena ni kidogo sana kikilinganishwa na cha mgeni. Ni kweli. Lakini kwa mwanafunzi anayehesabu nauli, kidogo hicho ndicho chakula cha mchana. Zaidi ya hayo, mtu hulipa kwa urahisi kwa ajili ya kitu ambacho tayari anajua thamani yake. Yule ambaye hajawahi kuingia makumbusho hajui anachokinunua, na kwa hiyo hupita. Matokeo yake ni kwamba historia ya wengine inasomeka bure kando ya njia, na historia ya wenyeji inangoja nyuma ya dirisha la tiketi.

Wanafunzi wa fasihi wanapaswa kuliona jambo hili kwa makini kuliko wengine. Tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo kuhusu kesi ya Kimathi ilitolewa mwaka wa 1976, na Raphael Kahaso akaifasiri kwa Kiswahili kwa jina la Mzalendo Kimathi mwaka wa 1978. Mahakama inayochezwa jukwaani ni ya Nyeri. Ni wangapi kati ya walioichambua tamthilia hiyo kwa dhamira, wahusika na mtindo waliowahi kusimama katika mji huo na kupima kwa miguu umbali kutoka mjini hadi kwenye ukingo wa msitu wa Nyandarua? Mandhari katika kazi ya fasihi si pambo. Asiyeijua ardhi huisoma mandhari kama orodha ya majina.

Ipo hoja ya pili dhidi ya kiingilio cha bure, nayo ina uzito: makumbusho yanahitaji fedha za paa, umeme na mishahara, na watu hudharau wasichokilipia. Kuhusu dharau, mfano wa London unatosha. British Museum lilifunguliwa kwa umma bila malipo mwaka wa 1759, na makumbusho ya taifa ya Uingereza yaliyokuwa yakitoza yaliondoa kiingilio mwaka wa 2001, watu hawajayadharau. Ni kinaya kwamba Mkenya aliyeko London aweza kutazama bure vitu vilivyochukuliwa Afrika, ilhali ndugu yake aliyebaki Nyeri hulipa ili aone vya babu yake. Kuhusu fedha, ni lazima kukiri kwamba hazina ya Uingereza si ya Kenya. Ndiyo maana makala haya hayadai milango iachwe wazi mwaka mzima. Yanadai kianzio: Jumamosi moja ya bure kila mwezi, pamoja na tarehe 18 Februari, tarehe 18 Mei ambayo ni Siku ya Makumbusho Duniani, na tarehe 20 Oktoba, Sikukuu ya Mashujaa. Katiba ya mwaka wa 2010, katika Jedwali la Nne, inataja makumbusho na maktaba miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti. Kaunti zinazoweza kugharimia michezo na sherehe zinaweza kukaa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya na kufidia mapato ya siku chache.

Mfano wa jinsi mlango wazi unavyofaa haupo mbali. Katika kanisa kuu la Kianglikana la Mtakatifu Yakobo mjini Murang'a, mchoraji Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu nchini Tanzania, alichora ukutani katika miaka ya 1950 maisha ya Yesu katika mazingira ya Kiafrika. Kanisa hilo lilijengwa kuwakumbuka Wakristo Wagikuyu waliouawa kwa kukataa kiapo cha Mau Mau. Anayeyatazama baada ya kutoka Ruring'u ataziona pande mbili za vita vilevile, na ataelewa kwa nini wazee wengine hunyamaza wanapoulizwa. Lakini ili azilinganishe, sharti milango yote miwili imfungukie.

Mwisho, upo wajibu usiohitaji bajeti ya serikali. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vinavyouzunguka mlima vinaweza kuziomba idara za makumbusho nafasi ya kujitolea siku za bure: kuwaongoza wageni kwa Kiswahili sanifu na chepesi, kuandaa kijitabu cha kurasa chache cha matembezi ya Nyeri, Murang'a na Meru, na kurekodi kauli za wazee kabla hazijazikwa pamoja nao. Msamiati wa fani hii, kuanzia silaha za kienyeji hadi taratibu za mahakama za wazee, bado unahitaji kukusanywa, na hakuna mahali pa kuukusanya panapofaa kuliko mbele ya vitu vyenyewe. Kazi hiyo ingekuwa malipo halali ya kiingilio.

Waliopigania nchi hii walidai ardhi, na pamoja na ardhi walidai haki ya kuikanyaga bila kipande. Kijana anayeshuka Nyeri peke yake leo anayo haki hiyo ya miguu. Haki ya macho bado inamngoja pale mlangoni Ruring'u.