Ugali na Kisukari: Kipimo, Si Marufuku

Katika vijiji vingi vya Iringa na Mbeya, mtu aliyekula viazi na maharage mchana lakini hakupata ugali, aghalabu husema kwamba hajala. Kwa mgonjwa wa kisukari wa huko, agizo la kliniki lisemalo "acha vyakula vya wanga" ni sawa na kuambiwa aache kula. Matokeo huwa mawili: ama hulipuuza, ama hulitii na kushinda njaa huku akimeza dawa. Njia zote mbili humdhuru. Kosa hapo si la mgonjwa, bali ni la ushauri uliotungwa bila kuitazama sahani yake.

Hata hivyo, msingi wa ushauri huo ni wa kweli. Wanga ni mnyororo wa sukari iitwayo glukosi. Utumboni mnyororo huo hukatwa, na glukosi huingia katika damu hata kama chakula hakikuwa na utamu wowote. Mwenye afya husaidiwa na insulini itokayo katika kongosho. Kwa mgonjwa wa kisukari insulini hiyo haipo, haitoshi, au mwili hauiitikii ipasavyo. Kila gramu 100 za unga wa mahindi zina takriban gramu 75 za wanga. Unga wa dona ni bora kuliko sembe kwa kuwa una nyuzinyuzi na vitamini zaidi, lakini si kweli, kama wengi wasadikivyo, kwamba dona, ulezi au muhogo havipandishi sukari.

Tatizo lenyewe si dogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1989 kuhusu vijiji 6 vya Tanzania ulikuta kisukari kwa karibu mtu mzima 1 katika kila 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta karibu watu 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Ingawa njia za upimaji hazikufanana, ongezeko hilo haliwezi kupuuzwa.

Mwaka 2019 chama cha kisukari cha Marekani kilitamka kwamba kupunguza wanga ndiyo njia ya ulaji yenye ushahidi mwingi zaidi wa kushusha sukari katika damu. Lakini tafiti zilizolinganishwa pamoja zimeonyesha pia kwamba faida hiyo huwa kubwa katika miezi 6 ya kwanza, kisha hupungua kadiri mwaka unavyokwisha. Sababu mojawapo ni kwamba watu hushindwa kuendelea. Ulaji usioweza kudumishwa hauwezi kuwa tiba ya ugonjwa wa maisha.

Kwa hiyo yafaa mgonjwa apewe kipimo badala ya marufuku. Nusu ya sahani iwe mboga: majani ya maboga, figili, mnafu au kabichi. Robo iwe maharage, samaki, mayai au nyama. Robo iliyobaki iwe ugali, kiasi cha ngumi moja. Viazi vya Mbeya, ndizi za Rungwe na wali wa Kyela vihesabiwe katika robo hiyo hiyo, wala visiongezwe juu ya ugali. Maharage nayo yana wanga, lakini husagika polepole na yana protini nyingi. Kituo cha utafiti cha Uyole kimekwisha kutoa aina kadhaa, zikiwamo Njano Uyole na Uyole 96. Parachichi, ambalo Rungwe na Njombe hulipeleka hata ng'ambo, lina wanga kidogo na mafuta yanayoshibisha, na lastahili nafasi mezani kwa mkulima mwenyewe. Vya kuachwa kwanza ni soda, chai ya sukari na ulanzi mbichi ulio mtamu.

Hapa pana hadhari kubwa. Mgonjwa atumiaye insulini au vidonge kama glibenklamaidi, akipunguza wanga ghafla bila dawa kupunguzwa, sukari yake yaweza kushuka mno: hutetemeka, hutoka jasho, huchanganyikiwa na hata kuzimia. Wakati huo, na wakati huo tu, sukari au soda ndiyo huokoa maisha. Hatari huzidi kwa mkulima apalilaye tangu alfajiri. Mabadiliko ya chakula na ya dawa hayana budi kwenda pamoja, chini ya uangalizi wa daktari. Wala insulini isiachwe kwa kuwa chakula kimepunguzwa.

Iringa ina somo la kufundisha katika jambo hili. Mwaka 1983, mkoa huo ulipokuwa bado ukijumuisha Njombe, ulianzishwa mpango wa lishe wa WHO na UNICEF, kwa fedha za serikali ya Italia, katika vijiji 168. Watoto walipimwa uzito kijijini, wanakijiji wakajadili matokeo, wakatafuta sababu, wakachukua hatua kwa uwezo waliokuwa nao, kisha watoto wakapimwa tena.

Kisukari chahitaji utaratibu wa namna hiyo. Kila zahanati iwe na kipimo cha sukari na vijiti vyake vya kutosha. Mpishi wa nyumbani aitwe kliniki pamoja na mgonjwa, maana ni nadra kaya kupika vyungu viwili. Mgonjwa apimwe kabla ya kula na saa mbili baadaye, ili aone mwenyewe ngumi moja ya ugali imefanya nini, na ngumi tatu zimefanya nini. Akishaona hivyo, ataweza kukisimamia kipimo chake hata siku asipokuwapo mganga wa kumkumbusha.